Milioni mia kwa kila parishi: usawa wa hesabu na usawa wa hali

Kwenye ukuta wa ofisi ya parishi moja, eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, hapa Busia palibandikwa karatasi ambayo mvua ilikuwa imeanza kuikunja pembeni. Ilikuwa na majina ya waliopata pesa za PDM, mpango wa serikali wa kuinua kaya maskini, kijiji baada ya kijiji, na chini kabisa jumla yake. Nilisimama pale na kina mama wawili wanaouza dagaa na nafaka kwa wateja wa pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya. Mkubwa wao alimgeukia chifu wa parishi, kijana anayeweza kuwa mwanawe wa mwisho.

"Mwanangu, hii milioni mia ni yetu peke yetu, au tunagawana na parishi zote za gombolola?"

"Ni yenu, mama. Kila parishi Uganda nzima imeandikiwa hiyo hiyo."

Mama akaridhika. Mwenzake akabaki anautazama ukuta. "Na sisi hapa mjini tuko wangapi? Kule nilikozaliwa, parishi nzima unaizunguka kwa mguu na jua halijawa kali."

Chifu alijibu kwa adabu kwamba hilo limeamuliwa juu, si kwake.

Nimeyabeba maswali ya kina mama hao tangu siku ile, kwa sababu ndani yake naona mvutano wote uliopo kati ya utafiti wa uchumi na sera za nchi hii. La kwanza linauliza kama fedha zinajulikana. La pili linauliza kama zimegawiwa kwa haki. Kwa miaka thelathini Uganda imekuwa mojawapo ya nchi za Afrika zilizochunguzwa sana na wachumi, na yote mawili yamepata majibu mazuri. Taabu ni kwamba majibu hayo yanavutana, na tukishika moja tu tunawaumiza watu walewale tuliokusudia kuwainua.

Kwa asiyefuatilia habari hizi, PDM ni mpango wa maendeleo wa ngazi ya parishi ambao Rais Museveni aliuzindua wilayani Kibuku tarehe 26 Februari 2022. Serikali ilisema asilimia 39 ya kaya za Uganda bado ziko nje ya uchumi wa fedha, zinalima za kula tu. Ulivyopangwa mwanzoni, kila parishi ipate shilingi milioni 100 kwa mwaka kupitia SACCO yake, na kaya ikopeshwe hadi milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na ipewe muda wa kupumua kabla ya kuanza kulipa. Parishi ni zaidi ya 10,000, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya shilingi trilioni moja kila mwaka. Haya si mambo madogo, wala si ya kwanza. Wazee wanakumbuka Entandikwa ya miaka ya 1990, kisha NAADS, kisha Bonna Bagaggawale, kisha Operation Wealth Creation, kisha Emyooga. Kila moja ilikuja na matumaini yake na nyimbo zake.

Nianze na swali la kwanza, la fedha kujulikana, kwa kuwa hapo ndipo Uganda ilipoifundisha dunia.

Mwaka 1996 watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifanya jambo ambalo likielezwa linaonekana rahisi. Walichukua vitabu vya hazina vilivyoonyesha ruzuku iliyotumwa kwa kila mwanafunzi wa shule za msingi, wakaenda katika shule 250, wakalinganisha na kilichoandikwa kwenye madaftari ya walimu wakuu kuwa kimepokelewa. Kwa miaka ya 1991 hadi 1995, kati ya kila shilingi 100 zilizotoka Kampala, shule zilipata wastani wa shilingi 13. Nyingi hazikupata hata senti. Fedha ziliishia katika ofisi za wilaya.

Mara nyingi simulizi hiyo hukatwa hapo, na hubaki kuwa simulizi ya wizi. Lakini kuna sehemu ya pili inayohusu tofauti ya walio nacho na wasio nacho, nayo kwangu ni nzito kuliko ya kwanza. Mgao ule haukuvuja sawasawa. Shule za maeneo yenye nafuu zilipata zaidi, kwa sababu huko wazazi na walimu walijua kudai, walijua mlango wa kubisha na jina la mtu wa kumuuliza. Shule ya watu maskini ilinyamaza. Ruzuku iliyopangwa kwa usawa, shilingi ile ile kwa kila mtoto, ilifika kwa upendeleo bila mtu yeyote kutunga sheria ya upendeleo.

Serikali haikuuficha utafiti huo. Ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kwenye ubao kiasi kilichofika. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ya fedha zilikuwa zinafika. Habari hiyo ikazunguka dunia nzima kama ushahidi kwamba gazeti la shilingi chache linaweza kushinda jeshi la wakaguzi.

Wapo waliosema tusubiri kidogo. Paul Hubbard alionyesha mwaka 2007 kwamba katika miaka ile ile mengi mengine yalibadilika. Elimu ya msingi kwa wote, UPE, ilianza mwaka 1997, na wanafunzi wakaruka kutoka milioni 3.1 hivi hadi milioni 5.3 kwa mwaka mmoja. Mfumo wa kutuma fedha ulirekebishwa, wafadhili wakakaza macho, na ruzuku yenyewe ikawa jambo la kisiasa ambalo rais aliliahidi kwa kinywa chake. Huwezi kuchukua mafanikio yote hayo na kuyaweka mgongoni mwa gazeti.

Nakubaliana na Hubbard, na bado nasema gazeti lilikuwa na kazi yake. Mzazi asiyejua kiasi kinachotakiwa kufika hana la kudai, hata mfumo uwe mzuri namna gani. Iwe waliopanga PDM waliukumbuka utafiti ule au la, milioni 100 kwa kila parishi ni mtoto wa somo hilo. Ni namba moja. Mama wa sokoni anaikariri. Mwendesha boda boda stejini anaikariri. Redio ikiisema asubuhi, Arua na Mbarara wamesikia kitu kimoja. Parishi ikipokea milioni 70, hakuna haja ya mtaalamu wa hesabu kujua kwamba 30 hazipo. Ungeweka kanuni yenye vigezo saba na vipeo vya hisabati, yule chifu kijana angeshindwa kuieleza, na mahali ambapo hesabu haielezeki ndipo mwizi hujenga nyumba.

Kuna hoja ya pili ya wanaotetea mafungu sawa, nayo ni ya heshima. Katika nchi yenye makovu ya ukabila na ukanda kama yetu, kumpa kila mmoja sawa kunazuia ugomvi. Hakuna atakayesema wale wamependelewa kwa sababu waziri ni wao.

Hizo ni hoja za kweli. Sasa nirudi kwa mama wa pili.

Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45.9. Ukiwagawa kwa parishi zote unapata wastani wa watu zaidi ya 4,000 kwa kila moja, lakini wastani huo hauishi popote. Wilaya ya Wakiso peke yake ina watu milioni 3.4, na zipo parishi huko zilizojaa wapangaji kama mzinga wa nyuki. Upande mwingine zipo parishi za vijijini ambazo watu wake wote wangeenea katika uwanja mmoja wa mpira. Milioni 100 ikitolewa milioni moja moja, kaya 100 hupata mwaka huo. Katika parishi ya kaya 500, zamu inakufikia ndani ya miaka mitano. Katika parishi ya kaya 5,000, mjukuu wako ndiye atakayeitwa.

Hiyo ni tofauti ya idadi tu, bado hatujagusa hali. Utafiti wa kaya uliofanywa na Ofisi ya Takwimu ya Uganda, UBOS, mwaka 2019/20 ulionyesha umaskini wa asilimia 20.3 kwa nchi nzima, lakini Karamoja na Acholi, huko kaskazini, karibu watu wawili kati ya watatu walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Kampala ilikuwa na sehemu ndogo mno. Kuiandikia parishi ya Moroto, huko Karamoja, na parishi ya Kampala fungu moja ni kuwapa wagonjwa wawili dozi moja bila kuuliza nani ana homa.

Na tofauti hizi hazikuanza juzi. Reli iliyotoka pwani ilipita Tororo na Jinja ikafika Kampala mwaka 1931. Ilipofika Pakwach ilikuwa mwaka 1964, baada ya uhuru. Karamoja wakati wa Waingereza ilikuwa wilaya iliyofungwa, mtu wa nje aliingia kwa kibali. Kaskazini ilichukuliwa kuwa mahali pa kuchota askari na vibarua. Baadaye vita vya miaka ishirini viliwaweka watu wa Acholi kambini. Utafiti wa Alberto Alesina na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021, ulitumia sensa za nchi 27 za Afrika, Uganda ikiwemo, kuuliza swali moja: mtoto ambaye wazazi wake hawakumaliza shule ya msingi, ana nafasi gani ya kuimaliza yeye? Jibu lilitegemea sana alipozaliwa, na maeneo yaliyokuwa karibu na reli na shule za wamisionari za enzi ya ukoloni bado yanawainua watoto kuliko mengine. Mahali pana mkono mrefu.

Wamarekani wamelichimba jambo hili kwa kina zaidi. Raj Chetty na wenzake walitumia kumbukumbu za kodi za mamilioni ya watu, wakaunganisha kila mtoto na wazazi wake, wakaonyesha kwamba mtoto wa maskini aliyehamia mtaa bora akiwa mdogo hupata kipato kikubwa zaidi ukubwani kuliko aliyebaki. Kazi hiyo imebadilisha namna miji ya huko inavyofikiri juu ya makazi. Sisi hatuwezi kuiiga moja kwa moja, maana Waganda wengi hawamo katika daftari lolote la kodi ya mapato. Muuza dagaa wa Busia hulipa ushuru wa soko kila siku na haonekani kwenye kompyuta ya mtu. Utafiti wetu lazima upite mlango kwa mlango, na ndiyo maana nauheshimu mno. Watu wa UBOS hukaa na kaya wakiuliza mmekula nini wiki hii, mkanunua sabuni ya shilingi ngapi. Mwaka 2020 kazi hiyo ilikatizwa katikati na amri ya kukaa nyumbani, kisha ikaendelea.

Lakini utafiti wa mlango kwa mlango una mpaka wake, na wanaotetea mgao wa vigezo wanapaswa kuusema wazi. Unaweza kuniambia habari za Karamoja au Busoga. Hauwezi kuniambia habari za parishi, kwa sababu parishi nyingi haukufika kabisa. Ili kushuka chini, wataalamu huunganisha utafiti wa kaya na sensa na kukisia, na kwa njia hiyo Uganda imewahi kuchorewa ramani za umaskini hadi ngazi ya gombolola. Makisio hayo yana kosa ndani yake. Gombolola mbili jirani zinaweza kutofautiana kwenye ramani huku chini kwenye vumbi hakuna tofauti yoyote. Ukitoa fedha kwa kufuata namba hizo hadi nukta ya mwisho, utakuwa unagawa makosa ya hesabu na kuyaita haki.

Hata mstari wa umaskini wenyewe una ubishi. Msingi wake ni kapu la chakula la mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa mstari huo, asilimia 20.3 ndio walikuwa maskini mwaka 2019/20. Kwa mstari wa kimataifa wa dola 2.15 kwa siku ambao Benki ya Dunia iliutumia, walikuwa takriban asilimia 42. Nchi ile ile, kaya zile zile, na maskini wameongezeka maradufu kwa kubadilisha rula. Anayetaka kusifu hushika namba ya kwanza, anayetaka kulaumu hushika ya pili. Mpangilio wa nani yuko nyuma ya nani, hata hivyo, haugeuki sana. Karamoja iko mkiani au karibu na mkia kwa rula yoyote.

Je, mafungu sawa yanazuia siasa kama tunavyoambiwa? Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33. Leo zimepita 130, mbali na majiji. Kila mpaka mpya ulikuja na ofisi, magari na nafasi za kazi, na wabunge walilijua hilo. Ukiweka milioni 100 kwa kila parishi, umeweka bei juu ya kuipasua parishi vipande viwili. Mwanasiasa mwenye nguvu hahitaji kuchezea kanuni ya umaskini, anahitaji tu kuchora mstari katikati ya shamba la migomba. Kwa hiyo namba moja haina kinga iliyodhaniwa. Na fedha nyingine zinazopelekwa wilayani, za afya na elimu, tayari hugawiwa kwa kuangalia mambo kama idadi ya watu na umaskini, na nchi haijavunjika kwa hilo.

Kuna swali la tatu ambalo kina mama hawakuuliza pale ukutani, ingawa huulizwa kwa sauti ya chini kila jioni sokoni: nani anatangulia? Kaya mia moja zikipata mwaka huu, nani alizichagua? Hapa ndipo manung'uniko mengi yalipo. Shemeji wa kiongozi huwa na kuku wa mfano tayari. Mjane asiye na simu huambiwa jina lake halikuonekana.

Juu ya hili tuna ushahidi wa nyumbani. Mwaka 2008, chini ya mfuko wa kuijenga upya kaskazini, NUSAF, vijana walijipanga katika vikundi na kuomba mtaji wa kujifunza ufundi na kununua vifaa. Waliostahili walikuwa wengi kuliko fedha. Vikundi 535 vikapigiwa kura ya bahati nasibu. Waliopata walipewa takriban dola 382 kwa kila mtu, fedha ambazo kwa wengi zilikuwa sawa na kipato cha mwaka mzima, na hakuna aliyewasimamia kwa fimbo. Wengi wakanunua cherehani, vifaa vya useremala, mashine za kuchomelea vyuma, vitu vya saluni. Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliwafuatilia. Baada ya miaka minne, waliopata walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 38 kuliko waliokosa. Ilikuwa habari njema kupita kiasi: kumbe kijana maskini wa Lango au Teso hakukosa akili wala bidii, alikosa mtaji.

Kisha walirudi baada ya miaka tisa. Waliokosa walikuwa wamewafikia. Kipato cha pande mbili kilikuwa karibu sawa, ingawa waliopata bado walikuwa na mali zaidi na wengi wao walikuwa wangali katika ufundi.

Nimesikia watu wenye elimu wakilitumia tokeo hilo kusema fedha zilipotea bure. Siwezi kukubali. Miaka kadhaa ya kula vizuri, ya kulipa karo, ya kuezeka mabati, katika eneo lililotoka vitani, si bure hata kidogo. Mtoto aliyekuwa na miaka saba mwaka 2010 hakuweza kungoja hadi 2017 ndipo ale. Wapo pia wanaolitumia tokeo la miaka minne peke yake kuhubiri kwamba mtaji unamaliza umaskini, nao pia hawasemi yote. Mtaji uliwafungulia mlango mapema, lakini nyumba waliyoingia ilikuwa ile ile: soko dogo, barabara mbovu, wateja wasio na fedha. Na tusisahau kwamba wale walipewa, hawakukopeshwa. PDM inataka fedha irudi, na riba juu. Ng'ombe akifa kwa ukame huko Kotido, deni halifi naye.

Ninachokitaka zaidi kutoka kwenye utafiti ule, hata hivyo, ni kura yenyewe. Wapo wanaochukizwa nayo. Husema maskini si panya wa maabara, na kwamba kumnyima mtu anayestahili ili ulinganishe ni dhambi. Pingamizi hilo lina uzito pale ambapo fedha zinatosha wote. Hapa hazitoshi. Kunyimwa kupo tayari, na kinachobaki ni kama utanyimwa na bahati mbele ya macho ya watu wote, au na kamati iliyokaa mahali usipopajua. Kura inayopigwa uwanjani, majina ndani ya sufuria na mtoto akichomoa, haiwezi kumjua shemeji wa mtu. Tena inaacha kitu cha thamani: wanaotangulia na wanaongoja wanafanana, kwa hiyo baada ya miaka miwili tunaweza kupima kwa uhakika kama milioni moja imebadilisha chochote. PDM ilienda nchi nzima kwa mkupuo. Utafiti wa kaya wa 2023/24 ulitoa umaskini wa asilimia 16.1, na ni habari ya kufurahisha. Ila kama ni PDM, ni mvua, ni bei ya kahawa au ni nchi kufunguliwa baada ya korona, namba hiyo peke yake haisemi, kwa sababu hakuna parishi iliyoachwa kando ya kulinganisha nayo.

Nitoe tahadhari moja hapa, nisije nikaonekana ninaabudu majaribio. Martina Björkman na Svensson walijaribu katika vituo 50 vya afya, katika wilaya tisa, kuwakutanisha wanakijiji na wahudumu wakiwa na takwimu za kituo chao mkononi. Baada ya mwaka mmoja vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa vimepungua kwa asilimia 33. Matokeo yakachapishwa mwaka 2009 na mashirika mengi yakaiga. Baadaye Pia Raffler, Daniel Posner na Doug Parkerson wakarudia wazo hilo kwa upana, vituo 376 katika wilaya 16. Vifo havikupungua. Huduma iliboreka kidogo, watu wakaridhika zaidi, basi. Huenda ni kwa sababu vifo vya watoto vilikuwa vimeshuka tayari kila mahali, au kwa sababu vituo vichache vya kwanza vilipata bahati. Mtunga sera aliyesoma la kwanza akafunga kitabu alijenga juu ya mchanga. Lakini aliyefanya kazi ya kurudia aliitendea Uganda wema mkubwa, na kazi za namna hiyo hazipati wafadhili wala sifa.

Kwa hiyo nasimama wapi? Nasimama na mama wa pili, lakini sitaki kumpoteza wa kwanza. Kanuni ndefu yenye nukta itaua kile tulichojifunza mwaka 1996. Namba moja kwa wote inapuuza kila tulichojifunza tangu hapo. Kati ya hizo mbili ipo nafasi, na ramani zenye makosa madogo zinatosha kuijaza: makundi matatu ya parishi, si zaidi, yakipangwa kwa idadi ya kaya na hali ya umaskini, kila kundi na fungu lake linalotangazwa redioni na kukaririwa stejini kama hiyo milioni mia. Kosa la makisio haliwezi kuipeleka parishi ya Moroto kwenye kundi la parishi ya Kololo, mtaa wa matajiri wa Kampala. Parishi itakayopasuliwa igawane fungu lake la zamani hadi sensa nyingine, ili mstari wa kisiasa usiwe na bei. Na ndani ya parishi, wakishathibitishwa wanaostahili, kura.

Najua pingamizi litakalokuja. Parishi yenye nafuu itasema imeadhibiwa kwa bidii yake, na mbunge wake atakuwa na sauti kubwa bungeni kuliko mbunge wa Karamoja. Gharama hiyo ipo. Itabidi mtu mwenye mamlaka asimame Wakiso na kusema kwa nini Kaabong ya Karamoja imepata zaidi, na aseme kwa lugha wanayoisikia. Sehemu kubwa ya utafiti niliousimulia hapa imeandikwa kwa Kiingereza kigumu, na Kituo cha Utafiti wa Sera za Uchumi pale Makerere, EPRC, kilichoanzishwa mwaka 1993, kimejaa kazi nzuri ambazo muuza dagaa hatazisikia. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa mujibu wa katiba tangu 2005. Nayo ikitumiwa pamoja na Luganda, Ateso, Lugbara na Ngakarimojong kueleza nani anapata nini na kwa nini, maneno ya mbunge mwenye sauti kubwa yatakutana na watu wenye hesabu zao.

Kabla sijaondoka siku ile nilimuuliza chifu idadi ya kaya katika parishi yake. Sikutegemea jibu. Akaingia ndani akatoka na daftari, akafungua ukurasa uliokunjwa sikio, akanisomea namba. Aliikusanya mwenyewe wakati wa kuandikisha, nyumba kwa nyumba. Mama wa pili akamwomba airudie polepole, akaigawa kwa mia moja kwa vidole vyake, kisha akamuuliza kwa nini haiko ukutani. Chifu akaitazama ile karatasi, akasema fomu aliyoletewa haikuwa na nafasi yake.